Mapigo ya Moyo wa Fundi Cherehani

Jumatatu, 3 Machi
Shangazi kanisema tena. Ati nikizubaa, fundi cherehani wa nyumba ya pili ataolewa nikiona. Ati niende nimwambie nampenda, basi. Ushamba! Mimi mpima presha wa zahanati nikajitupe tu? Kwanza nijue kama ananipenda. Mapenzi yako moyoni, na moyo hupimwa.

Jumanne, 4 Machi
Nimeingia dukani kwake na kipimo. Nikadai ni utafiti wa afya za mafundi. Kanipa mkono mmoja, miguu ikaendelea kukanyaga cherehani. Mapigo juu! Ananipenda! Nikampigia shangazi. Akauliza kama alikuwa anashona. Nikakata simu.

Alhamisi, 6 Machi
Shangazi kanitia wasiwasi. Sayansi inataka ulinganisho: akae pia na mwanamume asiyevutia, nione tofauti. Nimempata. Binamu yangu, fundi bomba. Suruali imelowa daima, na hana stori ila za vyoo vilivyoziba. Alikataa, ati ana kazi. Nimembembeleza mpaka kakubali. Maskini, hajui anatumika.

Jumamosi, 8 Machi
Cherehani imesimamishwa. Nimekaa naye kimya kabisa, macho kwenye kipimo, nisije nikaharibu matokeo. Kapiga miayo. Mapigo shwari. Kisha binamu akaingia na kisa cha bomba lililompasukia mkuu wa shule mbele ya wazazi. Fundi kacheka hadi machozi. Mapigo yakapaa! Nimeandika: hofu ya mafuriko.

Jumanne, 11 Machi
Binamu habembelezwi tena, nimemkuta kafika kabla yangu. Suruali mpya, kavu, imepigwa pasi! Nimemkaripia kwamba anavuruga utafiti. Kajibu kwamba kashonewa na fundi mwenyewe, bure. Huruma hiyo. Nitaipunguza kwenye hesabu.

Ijumaa, 14 Machi
Wamechumbiana. Binamu kaja kunishukuru, kanikumbatia, ati bila mimi asingethubutu hata kumsalimia. Nikasema hongereni. Nikaingia chumbani nikalia, sifichi. Nilishajiona naye mezani, tunakula, tunagombana. Nikajifunga kipimo. Mapigo hayasomeki. Shangazi kanikuta hivyo, kakaa kitandani, kanishika bega. Kasema hayo ndiyo mapenzi, mwanangu, ungemwambia yeye. Nikamjibu kwamba kipimo kimoja hakithibitishi kitu.

Jumatatu, 17 Machi
Kosa nimelijua! Wale wote wawili ni mafundi, walielewana kwa ufundi. Nadharia yangu iko palepale. Na zahanati imepata muuguzi mpya. Leo asubuhi kanitabasamia, kaniuliza kama nimekunywa chai. Shangazi kasema mjibu, mwalike. Kwa ushahidi gani? Lazima nimpime kwanza. Safari hii sichukui fundi. Nimemchagua mwalimu wa muziki wa ghorofa ya juu: kijana, mpole, ana sauti nzuri, hana mke. Nimemwomba akae na muuguzi kila jioni. Hakuhitaji kubembelezwa.