Mashahidi Watatu wa Kitambaa cha Hannah

Jumapili, 2 Novemba
Madam amenunua kitambaa kikuukuu. Si cha mezani! Ni kile ambacho wasichana wa Uingereza wa zamani walijifunzia kudarizi: alfabeti, nyumba, ndege wawili, jina Hannah, umri miaka tisa. Mwaka ni 18, pengo, 4. Jumamosi kitaonyeshwa kwa dadake huko Al-Hamra, Jeddah, na kinahitaji kadi yenye historia yake. Atakayeipata historia hiyo atapanda ndege na madam. Kabla hajamaliza nikasema mimi dereva wake ni mtu wa historia. (Niliisoma hadi kidato cha pili.) Priscah wangu anafanya kazi Al-Hamra. Miezi kumi na minne ni simu tu! Celestine wa jikoni naye kajitokeza. Anajua nini huyo, zaidi ya vitambaa vya makochi anavyodarizi kila Ijumaa?

Jumanne, 4 Novemba
Utafiti. Niliuliza kwenye kikundi cha madereva: je, yawezekana ni 1814, na Hannah alikuwa binti wa nahodha aliyeishi Jeddah? Swali tu. Kufikia alasiri Bonface, dereva wa mtaa wa Malaz, kathibitisha. Hillary kathibitisha. Terry kaongeza kwamba nahodha alikuwa na mguu mmoja. Watatu! Mahakama gani ingetaka zaidi? Nimeandika kadi. Nimemwambia Priscah anitarajie.

Jumatano, 5 Novemba
Celestine kawapigia simu wote watatu. Umbea mtupu. Terry aliyapata kwa Hillary, Hillary kwa Bonface, Bonface kwangu, ila aliliondoa swali ili ujumbe uwe mfupi. Mguu, Terry aliuongeza mwenyewe, kwa kuwa manahodha huwa hivyo.

"Elphas," Celestine akaniambia, "mashahidi wako wote ni wewe mwenyewe."

Nikamjibu kwamba angalau hatujapingana.

Alhamisi, 6 Novemba
Maafa! Celestine kaomba ruhusa ya kukigeuza kitambaa. Nani huangalia nyuma? Anasema ukweli wa darizi uko upande wa nyuma. Mama yake aliikagua kazi yake hivyo hivyo. Rangi za huko bado zinang'aa, na penye pengo kuna matundu ya sindano: 3, au pengine 8. Uzi ulifumuliwa makusudi. Anadhani Hannah, alipokuwa mtu mzima, hakutaka watu wamhesabie miaka. Madam akacheka mpaka akaketi. (Tangu nije ametimiza arobaini na tano mara tatu.) Halafu Celestine akasema hana hakika, kadi iandikwe "huenda". Yaani mtu anakiri hajui, na anapewa tiketi! Mimi, halas, nimekwisha. Nilikaa garini nikiwa na huzuni ya kweli. Priscah ameshaomba ruhusa kwa bosi wake.

Ijumaa, 7 Novemba
Celestine kamwambia madam kioo cha fremu kinaweza kupasuka kwenye ndege, bora kitambaa kiende kwa gari. Madam kaniambia yalla Elphas, tia mafuta, uondoke leo. Nilijua! Uso wangu wa huzuni umefanya kazi. Celestine hata hajui kwamba amenisaidia. Alinikonyeza nikiondoka, labda ni vumbi.

Jumamosi, 8 Novemba
Jeddah! Nusu saa na Priscah langoni kwa bosi wake, chai ya maziwa kwenye thamosi, mandazi bado moto. Alipendeza hadi nikasahau hotuba yangu yote. Nilimweleza kuwa mtaalamu wa kitambaa ni mimi. Nilitaka pia kumwuliza kama atakubali nimuoe. Ulimi ukakataa. Alipoingia ndani nikaliuliza swali hilo kwenye kikundi.

Kufikia magharibi Bonface kanipongeza. Hillary kanipongeza. Terry kaongeza kwamba harusi ni tarehe ishirini Desemba, Kakamega, na fahali ameshapatikana. Watatu! Nimeshamwomba madam likizo. Amebaki Priscah mwenyewe, lakini kwa ushahidi kama huu, sioni haja ya kumsumbua.