Asili ya Neno Mtumbwi na Ndoa ya Watiri

Othaya, Nyeri

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Kiswahili,

Pokea salamu za mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiswahili maisha yake yote bila kupanda chombo chochote cha majini. Nina malalamiko mazito dhidi ya kamusi. Tafadhali yachapishe upesi, maana ndoa ya binti yangu imekwama.

1. Kamusi yangu inasema mtumbwi ni chombo kidogo kilichochongwa kwa gogo. Asili ya neno haisemi. Mimi hufundisha kwamba limetokana na tumbo, kwa kuwa gogo hutolewa tumbo. Sikuyasoma popote, niliyawaza nikinywa chai, nikajiamini kupita kiasi.

2. Watu wa Seth, mchumba wa binti yangu Watiri, wanatoka kando ya Ziwa Viktoria. Walipokuja kwa ruracio, tuzungumze mahari, niliwazuia langoni wataje kwanza asili ya neno mtumbwi. Desturi yetu inaruhusu kuwazuia wageni kidogo kwa nyimbo na mzaha. Isimu haimo. Mjomba wa Seth alijibu kwa adabu kwamba kwao mitumbwi wanayo, asili hawana. Nikatia kufuli. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko: "Ati mtumbwi? Kwani hapa kuko na bahari? Fungulia hawa watu, mukimo inapoa!"

3. Wageni waliondoka. Mbuzi wao wa mahari wamebaki nje wakila ua wangu, na mke wangu hasemi nami. Hasara hii yote imeletwa na kamusi.

4. Nadai kila chombo kidogo kiandikiwe asili ya jina lake, kina cha maji kinachokifaa, na kama huzama. Mzazi wa mlimani ana haki ya kujua. Katika ukoo wetu hakuna anayeweza kuogelea. Mimi hata karai naliogopa. Mpaka hayo yatimizwe, Watiri haolewi.

Nisalimie wahariri wenzako, wapiga chapa, na yeyote hapo ofisini anayejua kupiga kasia.

Wako katika kukitetea Kiswahili,
Mwalimu Kihara

Tanbihi: Seth ni mwalimu katika mji wa Wang'uru, na huko ndiko watakakoishi. Maji yake ni ya mashamba ya mpunga, hayapiti magoti. Nilijua hivyo tangu mwanzo. Nimempigia mjomba wake simu, nikamwomba radhi, watarudi Jumamosi. Watiri ni kitinda mimba wetu, nampenda mno, na macho yangu yalipofifia ndiye aliyekuwa akinisomea gazeti lako kila asubuhi. Kwa hiyo usihangaike kujibu, Ndugu Mhariri. Sitakuwa na wa kunisomea.