Ziwa Lililonifuata Mpaka Thamesmead

Mpaka saa nane mchana wa leo, mimi mtu mzima mwenye ndevu na kitambulisho cha kazi, nilikuwa naamini kwamba ukiligeuzia mgongo Ziwa Ngosi, linakufuata nyumbani.

Msicheke bado. Ndiyo kwanza nimevua suruali. Iko kwenye beseni, na maji nimeshayamwaga mara tatu, bado yanatoka ya rangi ya chai.

Kwa wasiolijua, Ngosi ni ziwa lililokaa ndani ya mlima, kule kwetu, kati ya Mbeya na Tukuyu. Mlima ulilipuka zamani sana, likabaki shimo, shimo likajaa maji. Nilipokuwa mdogo, dada yangu Tumpe alinieleza kwamba mtoto mmoja wa jirani alikwenda kulitazama, alipomaliza akageuka akaondoka zake kama mtu anayetoka dukani. Asubuhi yake akaamka godoro linaelea. Ndiyo maana wenye akili wanatembea kinyumenyume pale, mdomo umefungwa, macho kwenye maji. Na sikuamini kijinga, jamani. Ushahidi niliuona! Godoro lenyewe lilianikwa nyuma ya nyumba yetu. (Kwao hapakuwa na jua, ndivyo nilivyoambiwa.)

Elimu hiyo nimevuka nayo bahari. Nimesoma nayo chuo cha jioni hapa Landani, kozi ya kuongoza watalii, baada ya kushinda kutwa nzima nikiwaogesha na kuwalisha wazee kazini. Darasani nilisinzia mpaka shingo ikapinda, lakini nilimaliza. Cheti ninacho. Nimekivalisha plastiki na natembea nacho kwenye begi, maana huwezi kujua.

Sasa, kikundi chetu cha Waafrika Mashariki wa hapa Thamesmead, mtaa wetu wa Landani, kina safari Agosti: Ziwa Ngosi, maporomoko ya Kaporogwe, na pango lililo nyuma ya maporomoko hayo. Watu wanane, mimi nikiwemo. Anayetoka upande ule ni mimi peke yangu, kwa hiyo nikawaambia wasihangaike kutafuta wa kuwaongoza, yupo hapa na ana cheti.

"Ngosi umefika mara ngapi?" akaniuliza Mama Neema, mwenyekiti wetu. Mchaga, muuguzi mkuu wa wodi, mtu asiyependa maneno mengi.

"Mama, hilo ni kama kumuuliza samaki amefika majini mara ngapi."

Akaniangalia kama anavyoangalia mgonjwa anayedai amemeza vidonge. "Haya. Jumamosi utupe mazoezi. Tukielewa, safari ni yako. Tusipoelewa, tunatafuta kampuni ya huko huko."

Jumamosi ndiyo leo. Hii ingekuwa kazi yangu ya kwanza kwa kile cheti. Usingizi sikupata, nimepiga pasi mpaka kofia.

Tukaanza na pango. Nikawapeleka kwenye njia ya waenda kwa miguu inayopita chini ya barabara, nikawaamuru wainame.

"Mbona dari liko juu, jamaa yangu?" akauliza Khamis. Huyu ni Mzanzibari, dereva wa basi, mrefu kama nguzo ya taa.

"Pango halina cha urefu. Inama!"

Tukapita tumeinama wote wanane, mkono mmoja ukutani, mimi mbele na tochi, mchana kweupe. Mama mmoja aliyekuwa anakuja na mifuko yake ya sokoni alisimama, akatutazama, akageuza njia. Maporomoko sikuhangaika kuyatafuta. Tulipotokea upande wa pili, mvua ya Landani ilikuwa inatungoja mlangoni.

Kisha tukapanda msituni, kule juu ya Abbey Wood, mpaka kwenye bwawa la bata.

"Hili ndilo Ngosi," nikatangaza.

"Hii?" Wanjiku akashika kiuno. Yeye ni Mkenya, tunafanya kazi nyumba moja ya wazee, na Mungu hakumwekea breki mdomoni. "Ai, Ambo! Hata huyo bata amesimama. Maji imemfika magoti!"

Nikawapanga mstari mmoja, wote wakilitazama bwawa, nikatoa masharti. Moja, kimya kabisa, hata kikohozi umeze. Mbili, tunaondoka kinyumenyume, polepole, macho majini. Tatu, asigeuke mtu, hata itokee nini.

"Na akigeuka?" akauliza Khamis.

"Ziwa linamfuata nyumbani."

"Wallahi, sisi tumezungukwa na bahari kisiwa kizima, na haijamfuata mtu."

"Bahari ni bahari, Khamis. Hii ni volkano." (Nililisema hilo kwa sauti ya chuo. Nilijisikia profesa.)

Tukaanza. Kiongozi lazima atangulie, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kurudi nyuma, na wenzangu saba wakanifuata, kila mmoja amempa mgongo mwenzake. Kimya! Hata majani hayakutikisika. Bwana mmoja wa Kizungu alipita na mbwa wake, mbwa akatutazama, akakaa chini. Nikasema moyoni, Ambokile, hapa ndipo ulipozaliwa upya. Agosti hiyooo.

Hapo ndipo ardhi ilipokwisha.

Nyuma yetu kulikuwa na shimo. Mvua ya wiki nzima imelijaza matope mazito kama uji wa ulezi, majani yakaja kulifunika juu, likatulia likinisubiri. Niliingia kwa makalio. Pwaa! Sikuumia. Nilizama mpaka kitovuni na kofia yangu ya pasi ikaenda zake.

Sasa fikirini nilipo. Juu yangu kuna watu saba wanakuja kinyumenyume. Hawanioni, kwa sababu nimewakataza kugeuka. Siwezi kuwaita, kwa sababu nimekataza sauti. Nikapunga mikono. Nani aone? Nikanong'ona, "Simameni." Hakuna. Kikundi changu, nawaapia, hakijawahi kutii kitu namna ile. Mikutano yetu haianzi hata kwa wakati!

Na aliyekuwa jirani yangu kwenye mstari ni Mama Neema.

Nikauona mgongo wa koti lake la zambarau unakaribia, unakaribia, unaziba mbingu. Moyoni nikapiga hesabu: ziwa linifuate nyumbani, au mwenyekiti aniangukie kichwani? Na mimi mjinga, nilifikiri kidogo.

"MAMA SIMAMA!"

Nimechelewa. Alikuja mzimamzima. Nyuma yake Wanjiku, nyuma ya Wanjiku Khamis, ambaye kwa urefu wake alianguka kwa awamu. Wanne waliobaki walisimama ukingoni, bado wanatazama bwawa, bado kimya. Mmoja akauliza bila kugeuka, "Tayari tunaweza kuongea?"

Yule bwana wa mbwa ndiye aliyetuvuta mmoja mmoja. Alituuliza kwa upole kama ni ibada.

Mama Neema akajifuta uso kwa kitambaa ambacho nacho kilikuwa tope. "Ambokile. Mwanangu. Kwenu wanafanya hivi kweli?"

Hapo ningesema pole, yangeisha. Lakini mimi ni mimi. "Mama, kama mnadhani natunga, nampigia dada yangu sasa hivi. Yeye alikwenda na shule yao. Tena naweka spika!"

Nikaweka spika. (Nani alinituma? Nani?)

Tumpe akapokea, yuko Tukuyu kwake, namsikia anakatakata mboga. Nikamweleza kwa haraka: niko na wenzangu, waambie jinsi watu wanavyotembea kinyumenyume pale Ngosi.

"Ndiyo, tunatembea kinyumenyume," akasema.

Nikawatazama wote, tope linadondoka kidevuni, nikainua kidole. Mmesikia?

"Wakati wa kushuka kwenda majini," akaendelea Tumpe. "Ule mteremko ni mkali, unageukia mlima, unashika mizizi kama ngazi. Kurudi unapanda tu kama watu wengine. Kwani wewe hujui? Aa, kweli, wewe hujafika."

Kidole kikashuka chenyewe.

"Hajafika?" akauliza Mama Neema.

"Nimefika mpaka kwenye kibao," nikasema. "Pale barabarani."

Wanjiku alilazimika kukaa chini. Alicheka mpaka akarudi kwenye shimo. "Haki ya nani! Tour guide wa kibao!"

Mama Neema akanyoosha mkono, nikampa simu. Akajitambulisha, akamsalimia vizuri, akamuuliza kama Agosti ana nafasi ya kutuongoza. Tumpe akasema anayo, tena anamjua mtu wa Kaporogwe wa kutupitisha pangoni. Mambo yakaisha kwa dakika mbili, bila cheti.

"Na Ambokile?" akauliza Khamis, Mungu ambariki.

"Ambokile atakuja," akasema Mama Neema. "Atabeba mabegi. Na atapanda hadi juu, akalione hilo ziwa kwa macho yake, kisha atarudi akiangalia mbele."

Ningenyamaza hapo. Nilikuwa bado na suruali moja safi nyumbani na heshima kidogo. Lakini swali lilinikaa kooni, na simu bado iko kwenye spika, na watu saba wamenizunguka.

"Sasa dada," nikasema, "yule mtoto wa jirani je? Si aliligeuzia ziwa mgongo, godoro likaelea? Mimi lile godoro nililiona! Liliwekwa juani kwetu!"

Kisu kikaacha kukata.

"Ambo," akasema Tumpe, taratibu, kama anavyosema na wanawe. "Lile godoro lilikuwa lako. Ulikuwa umekojoa."