Walinzi wa Bomba

Jumatatu, 3 Machi
Jumamosi soko linachagua mwenyekiti. Wagombea ni wawili. Muuza viatu anataka bomba la maji lihamie langoni. Binamu yangu, muuza nyanya, anataka libaki lilipo. Ugomvi wa hatua ishirini! Kwa hesabu hiyo kura hazipatikani. Nimechukua kampeni ya binamu. Nimekula chumvi ya miji minne, maneno nayajua. Akishinda, ukatibu ni wangu. Bango: WALINZI WA BOMBA. Wale wengine nimewaita WANYONYAJI.

Jumanne, 4 Machi
Hatua hakuna anayeziuliza tena. Muuza vitunguu, ambaye maji hachoti pale, kaapa kufa na bomba. Muuza viatu naye kajibu kwa bango: MAFISADI WA MAJI. Neno tamu. Nimeona wivu.

Jumatano, 5 Machi
Balaa dukani kwa mke wangu. Yeye hukata vitambaa, shoga yake hushona. Miaka tisa hivyo. Shoga anaunga mkono viatu, maana shangazi yake mwenye mguu mbaya anauza langoni. Mke wangu kamwita mnyonyaji. Kaitwa fisadi. Sasa sakafuni pana mstari wa chaki: mkasi huku, cherehani kule. Na sare arobaini za shule zinatakiwa Ijumaa!

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda kupatanisha. Nikawaambia maneno yale nimeyatunga mimi, hayana uzito wowote. Shoga hakuinua macho.
“Shemeji, wewe umeyatunga tu. Sisi ndio tumeambiana.”

Ijumaa, 7 Machi
Mwalimu mkuu kafuata sare. Kakuta mikono huku, viwiliwili kule. Kahamishia kazi kwa fundi mwingine. Nimewaletea chai, kikombe kila upande wa chaki. Vyote vimepoa.

Jumamosi, 8 Machi
Binamu kashinda kwa kura mbili. Moja ya shangazi mwenye mguu mbaya! Kasema heri achechemee hadi bombani kuliko kuitwa mnyonyaji uzeeni. Ukatibu kapewa muuza vitunguu. Eti mdomo wangu ni wa vita, si wa ofisi.

Jumapili, 9 Machi
Mstari wa chaki bado upo. Nimewaza sana na kosa nimeliona: soko lilikosa upande wa tatu. Nimechora bango la kubandika pale dukani kesho: WAPENDA AMANI. Na atakayekataa kujiunga nimemwandika chini yake, kwa rangi nyekundu: ADUI WA UPATANISHO. Kufikia adhuhuri watakuwa wamekumbatiana.