Ombi la Kurudishiwa Angalau Gari Moja

Kwa Mheshimiwa Meya wa Saint-Avril-sur-Vézolle,

YAH: UHABA WA MAGARI KATIKA BARABARA YA BONDENI

Mimi ni Aristide Castagnol wa nyumba yenye madirisha ya buluu karibu na kinu, mwalimu mstaafu wa udereva. Utanikumbuka, kwa sababu ndimi niliyekaa kando yako siku ulipoingia na gari kwenye uzio wa bata wa mfugaji Vidalou. Silitaji hilo kwa ubaya. Nalitaja ili ujue unaandikiwa na mtu aliyewahi kukuvumilia, na leo anaomba zamu yake ya kuvumiliwa.

Tangu Pasaka, halmashauri yako ilipohamishia magari yote kwenye barabara mpya ya juu na kutuachia ile ya bondeni sisi wenye baiskeli, tunapongezwa kila mahali. Mto upande mmoja, vilima upande mwingine, lami safi, na injini haisikiki kuanzia kinu mpaka kibao cha kijiji. Shemeji zangu wa mjini wanapiga simu kuniambia nina bahati. Nawashukuru, nakata simu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kimya. Zamani nikipanda kilima cha Roquebelle, kuhema kwangu kulifunikwa na malori ya mchanga. Sasa kunavuka mto. Mwezi uliopita Marcel Vidalou alitoka zizini mbio na ndoo ya maji ya moto, akiamini ng'ombe wake anazalia barabarani. Aliponiona alisimama, akanitazama kwa huruma, akasema, "Kumbe ni wewe, mwalimu. Basi nikuachie ndoo?" Mtu wa umri wangu na heshima yangu hapaswi kuulizwa hivyo mbele ya bata.

2. Vilima. Mmesimamisha ubao wa kukaribisha wageni unaosema kwamba vilima vyetu ni "vya upole." Ningependa kujua ni nani aliyeupima upole huo, na siku hiyo alikuwa amepanda nini. Wakati wa magari nilikuwa na desturi ya kushuka katikati ya Roquebelle ili niyapishe. Nilisimama kando na baiskeli yangu, madereva wakinipungia mkono, na kila mtu aliuita huo ustaarabu. Sasa nikishuka nampisha nani? Juzi nilimpisha kasisi mstaafu aliyekuwa akitembea kwa mkongojo. Alinishukuru, akanipita, na sikumwona tena.

3. Hili ndilo zito. Unajua sheria ya chama chetu cha baiskeli: anayesikia gari nyuma hupaza sauti, "Gari!", na kundi zima hujipanga kulia, mstari mmoja. Hakuna anayegeuka kuhakikisha, maana kuhakikisha ni kumwita mwenzako mwongo. Unajua pia kwamba tukirudi kila Jumapili, tukishapita kona ya mnara wa maji, kila mtu hukimbilia kibao chenye jina la kijiji. Wa kwanza kukipita ndiye anayepewa bakuli la kwanza la supu ya vitunguu saumu mkahawani kwa Firmin. Yeye ndiye anayemimina divai nyekundu kwenye mabaki ya supu, akainua bakuli kwa mikono miwili na kunywa, wengine wakimeza mate. Wa mwisho huosha mabakuli.

Sasa, Mheshimiwa, mimi nilijaliwa masikio makali. Kwa miaka mingi, kila tulipofika kona ya mnara wa maji, nilisikia gari. Nilipaza sauti, wenzangu wakajipanga kulia, nami, kwa kuwa ndimi niliyelisikia na nilijua liko umbali gani, niliendelea katikati mpaka kwenye supu. Tusibishane kama magari hayo yalikuwapo. Barabara ilikuwa ya magari, kwa hiyo gari lilikuwa jambo linalowezekana. Ushindi wangu wote ulisimama juu ya uwezekano huo, na halmashauri imeuondoa bila hata kuniita kwenye kikao.

Baada ya Pasaka mazoea yalinibeba Jumapili chache. Kisha siku moja nilipopaza sauti, Ghislain, yule fundi bomba, aliuliza bila kupunguza mwendo, "Gari hilo umeliegesha wapi, mwalimu? Kichwani?" Kundi zima likacheka. Tangu hapo mabakuli ya Firmin nayajua mpaka nyufa zake.

4. Lalamiko la nne nimelifuta. Huguette, mke wangu, amepita nyuma ya kiti changu akauliza naandika nini. Nimemwambia ni mambo ya uzoaji wa takataka.

5. Huguette mwenyewe. Miaka yote nilimwambia barabara ile si mahali pake, magari yatamgonga. Nilikuwa na hakika, maana nusu ya madereva wa pale niliwafundisha mimi. Alinifungia mkate na soseji, akanisindikiza hadi mlangoni, nikaenda. Wiki ileile mliyofunga barabara alinunua baiskeli nyekundu kama nyanya. Nilimpa ushauri juu ya gia. Alinisikiliza vizuri sana, akapanda Roquebelle, akanisubiri juu akimenya pichi.

Tangu hapo ndivyo ilivyo kila Jumapili. Mimi nafika nimeiva uso, yeye ananipa nusu ya pichi na kusema, "Taratibu tu, bwana wee. Kilima hakihami." Wanachama siku hizi huuliza, "Huguette anakuja?" kabla hawajanijulia hali. Fundi bomba anamwomba akae mbele amkatie upepo. Mimi naona mgongo wake, kisha naona kofia yake, kisha naona kona tupu. Nasema wazi, kwa kuwa wewe ni kiongozi na hutatangaza: naogopa. Naogopa kwamba Jumapili moja atafika juu, atamaliza pichi, ataangalia chini bila kuniona, na ataendelea na safari yake. Wala sitakuwa na haki ya kumlaumu.

6. Jumapili iliyopita. Huguette alikuwa mbele ya wote, kibao kimeshaonekana, bakuli la kwanza ni lake. Mimi nilikuwa nyuma kabisa. Sikuwa na nguvu zilizobaki ila za koo, nikazitumia. "Gari!" Wanaume walicheka na kukanyaga zaidi. Lakini Huguette, peke yake katika kundi zima, alisogea kulia, akaacha kukanyaga, akageuka nyuma. Wote wakampita. Nilimkuta pale kando ya majani, tukakipita kibao pamoja, wa mwisho wawili. Yeye aliosha mabakuli, mimi nikafuta. Hakunung'unika. Alisema tu kwamba supu ya siku ile Firmin aliipatia.

Unaona sasa madhara ya uamuzi wako? Mwanamke mwenye haki ya bakuli la kwanza amelikosa kwa sababu ya kuamini gari ambalo halmashauri imelipiga marufuku. Mimi nilisema "Gari!" Kama gari lingekuwapo ningekuwa mkweli. Kwa hiyo aliyenifanya mwongo mbele ya mke wangu ni wewe, Mheshimiwa, pamoja na wajumbe wote walionyoosha mkono.

Kwa moyo wa kupenda ukweli, basi, naomba yafuatayo. Kila Jumapili kabla ya chakula cha mchana, gari moja dogo litokee nyuma yetu kwenye kona ya mnara wa maji. Si lazima lipite, litishe tu. Dereva ningependa uwe wewe, kwa kuwa yeyote aliyewahi kukuona ukiendesha atajipanga kulia bila kuulizwa mara mbili. Usirudi kinyumenyume, hilo hatukulimaliza darasani. Kwa Roquebelle naomba lori moja la mchanga, bovu ikiwezekana, ili lipige kelele kuliko mimi. Bajeti ikiruhusu, mjenge kiplefti chini ya kilima, na siku ya sikukuu ya kijiji tuwe na foleni ndogo ya heshima, ili wageni nao waone tumeendelea.

Na kama haya yote ni mzigo, basi rudisheni magari yote na mpige marufuku baiskeli. Hapo nitakaa nyumbani na mke wangu, na hakuna atakayemtangulia mwenzake kwenda jikoni.

Nikitarajia hatua za haraka, nawasalimu mumeo, mama yako, katibu wa halmashauri, na bata wa Vidalou kama kuna wa ukoo ule aliyesalia.

Wako katika usalama barabarani,

Aristide Castagnol

Nyongeza: Huguette ameikuta barua hii mezani nilipokwenda kutafuta bahasha. Ameisoma yote akiwa amesimama, na alipofika lalamiko la sita alicheka mpaka akakaa. Nilidhani ataniuliza kuhusu takataka. Badala yake aliniuliza, "Aristide, hivi kweli wewe unadhani nilisikia gari?" Nikamwambia alisogea kulia, nilimwona kwa macho yangu. Akasema, "Ile barabara haina gari tangu Pasaka, hata kuku wanajua. Nilikusikia wewe. Sauti ilikuwa mbali mno, nikasimama."

Ametoka sasa hivi kujaza upepo magurudumu, yake na yangu, na kikapuni ameweka pichi mbili.

Kwa hiyo usilete gari. Kama umeshaliagiza, lirudishwe. Malalamiko yote yamefutwa isipokuwa lile la ubao wa "upole," ambalo bado lina ukweli ndani yake. Lakini kama katika fungu la barabara kuna chochote kilichobaki, naomba kile kibao cha kijiji kisogezwe mbele kidogo, ng'ambo ya kanisa, au hata kijiji cha pili wakikubali. Hatuna haraka tena ya kukifikia.