Boila Inayotoa Jasho

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Boila imekufa. Mimi, Levis, meneja wa gesti ya Mzee Monari hapa Migori, nimeoga maji baridi kama mahabusu.

Haieleweki! Jana ilikuwa nzima. Tena jana hiyohiyo niliitengeneza mwenyewe. Ilikuwa na aibu moja tu: kibomba cheupe cha plastiki chini yake, kinachodondosha maji kutwa kucha, tone, tone, juu ya kiatu changu cha kanisani. Nikakisukumia gunzi la mahindi. Kimya. Leo taa nyekundu inawaka na maji ni barafu. Nikitenda jema moja, balaa linanifuata nyuma.

Na si boila ya mchezo. Aliileta Mholanzi aliyejenga nyumba hii kabla ya kumuuzia Mzee. Mtungi mdogo wa gesi unatosha wiki tatu. Iko ndani ya kabati chumbani mwangu, kando ya kitanda, na sheria ya Mzee ni moja: anayelala na boila ndiye meneja. Funguo, daftari la wageni, kibao cha mlangoni, vyote vinafuata boila.

Mzee amepiga simu kutoka Kisii. Jumamosi wanakuja wageni kumi wa mradi wa maji, kuona kama watafanyia semina zao kwetu mwaka mzima. Wakioga baridi, amesema, chumba anapewa Matiko.

Matiko! Mpishi! Mtu wa Kehancha asiyesema maneno kumi kwa siku. Tayari amewasha kuni chini ya pipa, anawapelekea wageni maji kwa ndoo. Hakuna aliyemtuma. Mbinu hizo nazijua.

Jumanne, 6 Agosti

Nimemleta Momanyi kutoka Uriri, fundi wa mashine za kusaga. Huyo akisikiliza injini anakuambia itakufa mwezi gani. Aliweka sikio. Akagonga kwa spana, taratibu. Akasema kitu hiki hakina mkanda, hakina dizeli, hakina moshi, na yeye hajui hata aanze kukitukana wapi.

Akakataa hata nauli. Sijawahi kusikia fundi akisema hajui. Nilimheshimu papo hapo, nikamwomba Jumamosi avae koti jeupe asimame tu kando ya boila, wageni watulie. Amekataa. Heshima imepungua kidogo.

Jumatano, 7 Agosti

James wa friji na redio. Alifungua kifuniko, akatazama nyaya dakika nzima, akakirudisha, akavua kofia. Anasema kuigusa bila kusomea ni kuizika. Kutoka hapa mpaka Kisumu mwenye cheti cha boila za namna hii ni mmoja tu, mama mmoja wa hospitali kule Homa Bay. Alipelekwa kozi Nairobi miezi minane akawashinda wanaume wote darasani. James anamsifu mpaka anafumba macho. Akaniandikia jina.

Filister Akeyo.

Nimekaa kitandani. Filister Akeyo ni mama mkwe wangu!

Miaka sita nimemwoa Trizah, binti yake, anayekaa na watoto nyumbani kijijini. Nilijua mama anafanya kazi hospitalini. Nilidhani jikoni. Ningemuuliza lini? Kwetu Wajaluo mkwe na mama mkwe hawapigi gumzo. Akishika njia hii, mimi nashika ile. Ninachokijua vizuri ni mgongo wake.

Na kuna baya zaidi. Mama mkwe haingii mahali anapolala mkwe wake. Haingii! Hiyo ni chira, laana ya kuvunja mwiko, na inaangukia watoto. Boila nayo iko hatua mbili kutoka mto wangu.

Nimefikiri mpaka saa tisa. Nimekwenda posta, nimeacha ujumbe hospitalini kwa simu: fundi anahitajika Ijumaa. Nimejiita "Meneja" tu. Asipojua chumba ni cha nani, chira itajuaje? Chira haina darubini.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeficha picha ya harusi, suruali zote, viatu. Matiko atampokea na kusema meneja amesafiri. Akauliza kama si vibaya kumdanganya mama wa watu. Nikamwambia atazame ugali wake.

Ili chumba kisionekane kitupu, nimetandika kitambaa kizuri cha kufuma juu ya kabati. Fundi wa sifa lazima akute pambo.

Ijumaa, 9 Agosti

Amekuja saa nne. Mimi nyuma ya mashuka yaliyoanikwa uani. Nilimwona katika upenyo: ovaroli ya buluu, kitambaa kichwani, sanduku la chuma amelibeba mwenyewe. Matiko alitaka kumsaidia akakataa. Mwendo wa jenerali!

Akafika mlangoni. Akasimama. Akakitazama kitambaa cha kufuma.

Alikifuma Trizah. Uzi alinunuliwa na mama yake.

Hakupiga kelele. Aligeuka, akasema na Matiko kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mwambie orwa, mkwe wetu, atoke kwa mashuka. Miguu yake naiona."

Sikutoka. Adabu ni adabu. Tukaongea yeye akiwa upande ule wa shuka na mimi upande huu, migongo imetazamana, Matiko katikati akibeba maneno ambayo sote tumeyasikia. Mama anasema boila ataiweza, lakini chumba cha mkwe hakiingii. Alianza kufunga sanduku.

Kesho wageni! Nikaropoka: si chumba changu tena! Ni cha Matiko!

Akauliza, kweli au mchezo? Wajukuu ni wake pia, hatachezea chira. Nikaapa. Nikabeba kitanda changu mwenyewe mpaka ghalani na kumpa Matiko funguo mbele ya wafua nguo wote. Moyoni nilishapanga: Jumatatu narudi.

Akaingia. Sikuona kitu, nilisikia. Skrubu zikilia moja moja, bila pupa. Akiimba wimbo wa kanisa chini kwa chini. Hakugonga hata mara moja. Nikakumbuka mafundi wote niliowahi kuwaona wakipiga vitu nyundo, nikaona haya kwa niaba yao. Halafu kimya. Halafu Matiko akatoka na sahani. Juu ya sahani, gunzi.

Mama akaeleza akiwa mlangoni, polepole, kama mwalimu anayependa darasa lake. Boila za zamani hutupa joto lao nje pamoja na moshi. Hii inanyang'anya moshi joto mpaka moshi wenyewe unatoa jasho. Yale matone ni jasho la kazi. Ukiyazuia, maji yanarudi ndani, mashine inajizima ili isiharibike. Haikuwa mbovu. Ilikuwa na akili kutushinda.

Kisha ikawaka. Vuu! Machozi yalinitoka, nakiri. Huyu ni mama wa mke wangu! Nilitaka kumtangazia kila mpita njia.

Akauliza nani aliweka gunzi. Nikasema panya.

Akamwambia Matiko aniulize huyo panya anavaa kiatu namba ngapi.

Jumamosi, 10 Agosti

Wageni kumi wameoga, wengine mara mbili. Mmoja aliimba bafuni. Mwaka mzima ni wetu! Mzee Monari amefika na mbuzi.

Nikamvuta kando, nikamkumbusha kwamba chumba nilimwazima Matiko tu. Mzee akamwita Matiko. Matiko akasema, na ninaandika yote maana hatarudia: chumba angekirudisha leo hii, lakini Levis aliapa mbele ya mama mkwe wake, na mama jana alikaa saa mbili nzima akimfundisha mwenye chumba kuitunza boila, na atarudi kuikagua kila miezi mitatu.

Mzee akatikisa kichwa. Yeye ni Mkisii, wakwe anawajua. Nikirudi kulala mle, mama hawezi kuingia tena. Mama asipoingia, boila haina fundi. Na anayelala na boila ndiye meneja.

Maji yakimwagika hayazoleki, hata yakiwa moto. Nililia kidogo nyuma ya mashuka yaleyale. Matiko aliniletea figo la mbuzi, amenichomea mwenyewe. Mtu mzuri. Inaniudhi.

Jumatatu, 12 Agosti

Ghalani si kubaya. Nimeandika kibao changu: Meneja Msaidizi. Hakuna aliyeniteua, ila hakuna aliyekitoa.

Tatizo ni moja. Mama mkwe, kwa werevu wake, Ijumaa kabla ya kuondoka alitoboa ukuta kwa keekee na kukitoa kile kibomba nje, matone yasilowanishe chumba. Kimetokea chini ya dirisha langu la ghalani. Nimeanika viatu vya kanisani hapo tangu asubuhi. Tone, tone, tone.

Nimewaza sana leo, kwa utulivu, kama yeye. Fundi yule hasemi neno bure. Gunzi alilikuta ndani, na habari yote aliyoeleza ni ya ndani. Kuhusu nje hakusema lolote.

Jikoni wametoka kupukuchua mahindi. Nimechagua gunzi nene.