Mto Ndani ya Kitanda cha Mjukuu

Jumatatu, 4 Machi
Muuguzi amekuja kukagua kitanda cha mjukuu wangu, mwenye wiki tatu tu duniani. Mimi nilikuwa karakanani nyuma ya nyumba, nashona kochi, cherehani inanguruma. Binti yangu akanipigia kelele dirishani: muuguzi anasema mtoto asiwekwe karibu na mto, atakosa pumzi. Mto! Mto wa karibu ni safari ya nusu siku! Hivi ndivyo wataalamu wanavyotisha watu kwa kodi zetu. Nimeandika barua ya kurasa tatu kupinga. Kisha nimemshonea mjukuu zawadi: mto wa mahameri, laini, sponji tele.

Jumanne, 5 Machi
Saa nne nimeuweka chini ya kichwa chake. Saa sita nimeukuta kitini, umelowa chapachapa! Kazi ya Jemadari, ndivyo ninavyomwita mama wa mume wa binti yangu, aliyekuja kwa siku mbili na sasa anamaliza mwezi. Nimemkabili. Amekiri kuutoa, lakini anaapa ulikuwa unachuruzika alipoushika. Eti, "Mkwe, umeujaza nini, vyura?" Mwongo! Kaumwagia maji makusudi. Ila unanuka matope. Sisi maji yetu ni ya bomba. Matope kayatoa wapi?

Jumatano, 6 Machi
Mbinu mpya. Nimeukausha juani, nimeuficha chini ya shuka, nimeshona pindo zote za shuka kwenye godoro. Apekue mpaka achoke! Jemadari ameingia, akanusa, akasema chumba kinavuma. Upuuzi. Lakini nilipotega sikio kitandani nikasikia maji. Si matone. Maji mengi, yanayokwenda, yenye njia yake. Mjukuu alikuwa macho, anayasindikiza kwa macho, toka kichwani hadi miguuni. Nimeongeza kurasa mbili kwenye barua, kuhusu mabomba.

Alhamisi, 7 Machi
Leo nimelinda mwenyewe, kiti kando ya kitanda. Binti yuko bafuni, Jemadari anaanua nguo. Saa nane mchana, jua limejaa dirishani. Mto ukapanda. Ukashuka. Chini ya shuka, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Nikafurahi: mjukuu anapumua vizuri!
Kisha nikamtazama yeye. Kichwa kimegeuka, pua imezama kwenye mbonyeo, kifua kimetulia tuli. Aliyekuwa akipumua hakuwa yeye.
Nikapiga ukelele. Nikatafuta mkasi nifumue shuka. Fundi wa miaka thelathini, mfukoni sina mkasi! Jemadari akaingia mbio, akamnyakua mtoto. Basi. Akamnyakua tu! Akamsugua mgongo. Kimya. Akamsugua tena. Kisha kilio, kikubwa, kitamu. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni. Nilipoinuka, suruali ilikuwa imelowa hadi mapajani.

Ijumaa, 8 Machi
Alasiri binti yangu alinikalisha mezani. Kisha akatamka polepole, kama anayefundisha darasa la kwanza: "Baba. Mto. Wa kulalia." Muuguzi alitaka godoro gumu, shuka moja lililobana, mtoto alazwe chali. Zaidi ya hapo kitanda kiwe kitupu. Jemadari alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akalia, kisha akaufunga mlango wa chumba na kuuvaa ufunguo shingoni. Nimeichana barua. Nimeapa mbele ya wote wawili: mto hautaingia tena kitandani mle.

Jumapili, 10 Machi
Amani. Nimerudishiwa ruhusa ya kuchungulia. Mtoto amelala chali, ananyanyua kifua mwenyewe, nimehesabu hadi mia. Lakini kitanda kitupu mno! Kinatia huzuni, kama jela. Na sponji ya ule mto bado nzuri, kuitupa ni dhambi. Nimeikamua mara saba, matope hayaishi.
Nimeshona tembo, nimemjaza hiyo hiyo. Tembo si mto! Hakuna aliyemtaja tembo, na muuguzi nitamweleza hivyo kwa maandishi. Yuko mezani hapa karakanani, namsubiri akauke. Sijamshonea macho bado.
Anapumua vizuri.